Kadi Ndani ya Kiatu cha Kulia

Stendi ya mabasi ya Singida, saa nne asubuhi, si mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angependa kuanzia mapenzi. Wapiga debe wanagombania abiria ambao hawajasema waendako, kuku waliofungwa miguu wamelala juu ya magunia ya alizeti, na upepo unamgawia kila mtu vumbi kwa usawa. Hapo ndipo Hezekia Msengi, mwalimu wa kwaya mwenye miaka thelathini na mitatu, alipofungua begi lake la pekee na kutoa kiatu cheusi cha ngozi ambacho soli yake ilikuwa imeachama.

"Samahani, fundi yuko wapi?" alimwuliza mwanamke aliyekaa nyuma ya sanduku la brashi.

"Unaongea naye."

Hezekia alishtuka. Fundi huyo, Dorkas, aliyevaa aproni ya turubai juu ya gauni la kitenge cha njano, alikuwa ameuzoea mshtuko huo kiasi kwamba hakusubiri uishe. Alikichukua kiatu, akakigeuza.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

"Nafundisha kwaya. Leo Mitundu, wiki ijayo Iguguno, nikiitwa Utemini nakwenda. Begi moja, suti moja, viatu hivi."

"Unapoongoza kwaya, waumini wanakuona wapi?"

"Mgongoni."

"Na chini?"

Alifikiri. "Visiginoni."

"Sasa mbona umepaka dawa mbele tu? Mbele wanaona wanakwaya, na wao wanaangalia mikono. Kanisa zima linakujua kwa visigino vilivyopauka."

Kwa miaka tisa Hezekia alikuwa ameongoza nyimbo akiamini kwamba watu wanamtazama kwa heshima. Alikaa kwenye kibao cha wateja bila kukaribishwa.

Huku akipaka gundi, Dorkas alimpa somo. Barabarani avae makubazi. Viatu vikae begini, kila kimoja ndani ya soksi kuukuu, ili nyayo zisiguse suti. Vumbi lifutwe kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, kwa maana anayepaka dawa juu ya vumbi anaisugua ngozi kwa mchanga. Vikilowa vipumzike kivulini, mbali na jua na mbali zaidi na jiko.

"Na ndani ujaze karatasi visijikunje."

"Gazeti?"

"Gazeti linaacha wino. Utavua viatu kwa watu, soksi zako zina habari za juzi. Tafuta karatasi ngumu. Nyie watu wa kanisani hamkosi kadi za harusi."

Hezekia alilitii kila neno. Tangu siku hiyo safari zake zote zilipitia stendi, hata zile ambazo ramani haikuzilazimisha kupita hapo, na baada ya miezi minne mazungumzo yao ya simu yangemfanya msikilizaji adhani wanalea watoto.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Viatu vyangu je?"

"Vimefutwa, vimepakwa, vimelala. Kila kimoja na soksi yake. Asiye na mwenzake ni mimi."

"Mwalimu, salio litakuishia kwa maneno ya namna hiyo."

"Liishe, mpenzi. Nitaongeza."

Jumatano moja ya Agosti, akiwa njiani kwenda Mitundu, Hezekia alimwachia viatu hivyo abadilishiwe visigino. Angevihitaji Ijumaa, alisema, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na shughuli ya familia Iguguno. Basi lilikuwa linanguruma, hakueleza zaidi.

Dorkas alivua soksi, akatoa karatasi. Katika kiatu cha kushoto ilikuwa ratiba ya tamasha la kwaya. Katika kiatu cha kulia ilikuwa kadi ya rangi ya maziwa, maandishi ya dhahabu, imeviringwa kwa uangalifu wa mwanafunzi mwema. Aliikunjua.

Familia ya Lazaro Msengi wa Iguguno ilikuwa na furaha kumwalika msomaji katika ibada ya ndoa ya kijana wao mpendwa, Hezekia Msengi, na Eliana. Jumamosi, saa nne kamili.

Aliisoma mara tatu. Jina la baba yake Hezekia hakulijua. Mapenzi ya stendi hayakuwa yamefika kwenye ukoo. Simu ikaita.

"Mpenzi, umevifungua viatu?" Sauti ya Hezekia ilikuja kwa vipande kutoka Mitundu.

"Nimevifungua."

"Basi umeiona kadi! Nilitaka nikueleze mwenyewe, basi likaniwahi. Utakuja kwenye harusi yetu?"

Dorkas alikaa juu ya sanduku la brashi.

"Yenu?"

"Yetu, ndiyo. Mama anataka sana akuone."

"Mama yako anajua habari zangu?"

"Zote. Hata Eliana nimemwambia. Amefurahi mno."

"Amefurahi."

"Anasema ukae karibu naye."

"Hezekia, wewe ni mnyama."

Mtandao ulikatika baada ya neno la kwanza. Hezekia alisikia jina lake tu, likitamkwa kwa uzito ambao aliudhani ni wa hisia njema. Alipopiga tena, namba yake ilikuwa imefungiwa. Ijumaa alipita stendi akakuta sanduku limepigwa kufuli.

Dorkas alikuwa nyumbani, macho yamevimba, akipigilia visigino vipya. Kazi ilikuwa imepokelewa, ingekamilika. Alivipaka dawa nyuma kwanza, kisha mbele, akavisugua mpaka vikaonyesha sura yake, ambayo hakutaka kuiona.

Jumamosi alivaa gauni la buluu na kilemba cheupe, akabeba viatu katika mfuko wa kitambaa, akaketi benchi la mwisho la kanisa la Iguguno. Maharusi walikuwa mbele, wamewapa watu mgongo, na vilemba vya mabenchi ya kati vilimziba asiwaone vizuri.

"Kwa mara ya mwisho," alisema Mchungaji, "yuko mwenye pingamizi?"

Swali hilo huulizwa ili lisijibiwe.

"Mimi ninalo."

Kinanda kilikufa katikati ya noti. Mchungaji, ambaye alikuwa ameuliza swali hilo kwa miaka ishirini, aligundua kwamba hakujua sentensi inayofuata.

"Ji... jitambulishe, binti."

"Naitwa Dorkas, fundi viatu wa Singida mjini. Huyu Hezekia ananiita mpenzi mwezi wa nne sasa, na Jumatano amenialika harusini kwake kwa mdomo wake mwenyewe."

Eliana, aliyekuwa ameambiwa habari za mpenzi wa mwalimu bila jina wala kazi yake, alitoa mkono wake kwenye mkono wa bwana harusi. Bwana harusi aligeuka. Alikuwa mfupi, mwenye sharubu, na Dorkas hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Mimi?" aliuliza kwa sauti nyembamba. "Dada, mimi?"

"Si wewe," Dorkas alisema.

Mbele ya kwaya, mtu aliyevaa suti nyeusi na makubazi aligeuka polepole.

"Mchungaji, ni mimi."

Mchungaji alivua miwani. "Kuna Hezekia Msengi wangapi hapa?"

Mzee Lazaro alisimama na kujibu kama mtu aliyeulizwa idadi ya ng'ombe. "Wanne, Mchungaji. Baba yetu aliitwa Hezekia Msengi. Kila mmoja wetu alimpa mwanawe jina hilo. Huyu wa kwaya ni wa marehemu kaka yangu."

"Lakini alisema harusi yetu," alinong'ona Dorkas.

"Ni yetu," walijibu watu wa benchi la tatu, wakimshangaa.

Naye Dorkas aliijua lugha hiyo. Mwaka jana, binamu yake alipoolewa, alikuwa amewaambia wateja wote kwamba kesho hafungui, ana harusi yao.

"Pingamizi limetolewa mbele ya kanisa," Mchungaji alisema, amepata tena sauti yake, "litaondolewa mbele ya kanisa."

"Naliondoa. Naomba radhi kwenu nyote." Aliuweka mfuko wa viatu sakafuni na kuelekea mlangoni.

Hezekia alimfuata katikati ya kanisa. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimekuaibisha mbele ya ukoo."

"Umeniaibisha sana. Nimeshtuka hata sikumbuki wimbo unaofuata. Uliamini kweli ningekualika kwenye ndoa yangu na mtu mwingine?"

"Ulisema Eliana amefurahi mno."

Alitafakari. "Nikijisikiliza sasa, hata mimi ningeamini." Akashusha pumzi. "Nilipanga kuleta wazee kwenu Desemba, kwa utaratibu. Utaratibu umekwisha kuvunjika. Dorkas, utakubali nikuoe?"

"Mwalimu, watu wana ibada yao."

"Jibu fupi tu."

"Ndiyo."

"Mchungaji," alisema bibi harusi, akiushika tena mkono wa mumewe mtarajiwa, "tuendelee kabla hajasimama mwingine."

Lilibaki benchi la mbele, alikoketi mama yake Hezekia, hajageuza shingo tangu pingamizi litolewe. Dorkas alimwendea, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama kilemba, akamtazama vidole vyenye weusi wa dawa usiotoka kwa sabuni, akamwambia jirani yake jambo kwa Kinyiramba. Jirani alijifunika mdomo kwa khanga. Hakuna aliyemtafsiria Dorkas.

"Marahaba," mama alisema hatimaye, kisha akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.