Chupa ya Kumi na Mbili

Mkono wa chuma ulishuka taratibu, ukaigusa chupa kama daktari anavyogusa paji la uso wa mtoto, na mwali mwembamba wa kijani ukapenya kioo. Kizibo hakikuguswa. Vumbi lililoganda shingoni mwa chupa kwa zaidi ya miaka mia moja halikutikisika hata chembe. Baada ya sekunde tisa mashine ikatoa majibu yake:

"Zambarau zilizoanguka, zikalala chini siku nzima. Ngozi ya ngoma mpya. Moshi wa mgunga. Mwishoni chumvi kidogo, ile ya jasho la juu ya mdomo."

Vivuli vya nuru vilivyouzunguka ukumbi vikapiga makofi. Vilikuwa arobaini, kila kimoja ni mtu aliyeketi nyumbani kwake, Zurich au Seoul au Lagos, akatuma umbo lake mpaka chini ya mlima wa mawe nje ya Dodoma. Makofi ya vivuli hayana sauti. Mikono ilikutana na kuachana kimya kimya, na Veneranda Chidosa, mtu pekee aliyekuwa mle kwa mwili wake, akainamisha kichwa kushukuru.

Mashine ile iliitwa Kionja. Ilijua ladha ya mvinyo bila kufungua chupa, na ndiyo iliyokuwa moyo wa Ghala hili la mvinyo. Joto lilipoishinda Bordeaux, Ufaransa, mizabibu ya kule ikakauka na maghala ya kale yakageuka matanuri, chupa mashuhuri zilizobaki duniani zilitafutiwa jiwe baridi. Jiwe likapatikana Dodoma, ambako watu walilima zabibu miaka nenda rudi bila mtu wa Zurich kuwajali. Basi mvinyo wa shamba la Vaulonne, ambao koo za kitajiri zilirithishana kama viwanja, ulilala mita mia mbili chini ya ardhi ya Wagogo, na hakuna aliyeunywa. Wenyewe walitosheka kusomewa. Inasemekana bwana mmoja wa Seoul aliagiza kilo mbili za zambarau kwa ndege ili tu aelewe anachomiliki.

Siku hiyo, hata hivyo, haikuwa ya kusomewa tu. Ilikuwa siku ya kujazia. Mvinyo ukikaa miaka mingi hupungua, hewa huchukua nafasi yake, na hewa ndiyo adui. Wafaransa wa zamani walikuwa na desturi: katika kasha la chupa kumi na mbili, moja hufunguliwa ili kuzijazia nyingine kumi na moja. Lakini kabla tone halijamiminwa, lazima mtu aionje ile ya kumi na mbili, kwa sababu ikiwa imeharibika itaharibu kasha zima. Desturi ilisema mtu. Kionja kilikuwa kimeshasema na hakuna aliyekitilia shaka, ila matajiri wana mambo yao. Walitaka kuona mdomo.

Veneranda aling'oa kizibo, akamimina mvinyo kidogo kwenye bilauri, akaunusa, akanywa. Akafumba macho kwa kadiri ya pumzi tatu. Pumzi hizo tatu alikuwa amezifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Ni mzima," alisema.

Makofi mengine ya kimya. Kilichopita kooni mwake kilikuwa baridi na kilikuwa majimaji, basi.

Miaka kumi na moja iliyopita, wahandisi walipotaka kuifundisha mashine kuonja, walihitaji ulimi. Walimchagua Veneranda, binti wa mkulima wa zabibu wa Hombolo, ambaye alipokuwa na miaka tisa aliweza kumwambia baba yake mvinyo huu umetoka pipa lipi. Walimpandikizia nyuzi-hisi, nyembamba kuliko unywele, kutoka ulimini na puani mpaka kwenye ubongo. Kwa miaka saba alionja vitu elfu arobaini, kila kimoja akakitaja kwa maneno yake mwenyewe, na hakuwa na maneno mengine ila ya kwao: zambarau, mgunga, gunia lililolowa. Nyuzi zilisoma vizuri. Zilisoma mpaka zikaunguza mishipa yenyewe. Asubuhi moja Veneranda alitia sukari kwenye chai, akaongeza, akaongeza tena, kisha akaketi sakafuni jikoni akalia.

Kampuni yenye Ghala ilisikitika. Ilimwachia cheo cha Mwonjaji Mkuu na nyumba ndani ya ukuta wa Ghala, kwa sharti moja, asimwambie mtu. Alitii, na kusema kweli sharti lilimfaa, maana alikuwa anaona aibu. Akaacha kwenda harusini, kwa sababu harusini watu huulizana pilau imekuwaje. Akaacha kualika. Akawa anakula peke yake, amesimama, chochote kilicho karibu, saa ya ukutani inapomkumbusha. Upweke wa aina nyingine unaweza kuukimbia kwa muda, lakini huu ulimfuata mezani mara tatu kwa siku.

Mtu mmoja tu aliendelea kuja.

Anselmo, mdogo wake, alifika saa saba mchana siku hiyohiyo, kama alivyofanya kila mwaka baada ya mavuno, kofia mkononi na chupa kikapuni, imeviringishwa kitenge. Ndiye aliyebaki na shamba la baba yao.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Anse. Umekonda."

"Jua tu." Aliketi, akalitazama jiko ambalo halikuwa na sufuria. "Dada, leo sitaki maneno mengi. Nina swali moja. Mizabibu ya baba imezeeka, na majirani wote wameng'oa ya kwao. Onja, halafu uniambie. Niing'oe na mimi, au niiache? Neno lako linatosha."

Kwa miaka mitatu mfululizo Veneranda alikuwa amemwambia mvinyo wake ni mzuri, kwa kuwa lilikuwa jibu rahisi na kwa kuwa lilimfurahisha. Kumvika ndugu yako kilemba cha ukoka hakuhitaji ulimi. Lakini hakuwahi kuulizwa hivi. Angeweza kusema ukweli palepale, na ulimfika mpaka mdomoni, akaumeza. Akikiri kwamba haonji, atakuwa amekiri pia kwamba alimdanganya mara tatu, na Anselmo akiondoka na hasira zake, nani atabisha mlango huu tena?

Anselmo alimimina. Kinywaji kilikuwa chekundu, kimetulia. Veneranda alinusa, akanywa, akafumba macho pumzi tatu.

"Mzuri, Anse."

"Mzuri vipi?"

"Una nguvu. Una zambarau. Na moshi kidogo."

"Kama wa baba?"

"Kama wa baba kabisa. Usiing'oe."

Anselmo hakucheka wala hakushukuru. Alivaa kofia humohumo ndani.

"Haya, dada. Nimesikia."

"Hukai tule?"

"Tule nini, dada?"

Aliondoka, chupa akaiacha mezani.

Veneranda hakuwahi kuipeleka chupa ya mdogo wake kwa Kionja. Chupa za nje zilikatazwa, na kila kilichosomwa kiliingia moja kwa moja katika kumbukumbu ambayo wamiliki wote arobaini waliiona. Aliketi na chupa ile karibu nusu saa, akiusikia bado masikioni mlango ulivyofungwa. Kisha akaifunika kitenge, akateremka kwa lifti.

Sekunde tisa.

"Huu si mvinyo," kilisema Kionja. "Maua ya rosela yaliyochemshwa. Siki. Kijiko kimoja cha pombe kali. Sukari imezidi, kama chai ya msibani."

Alipanda juu karibu mbio. Jua la nje lilimuumiza macho, maana hakuwa ametoka kwa wiki mbili. Anselmo alikuwa bado hajaanza safari. Alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji nje ya lango.

"Umeipeleka kwa mashine," alisema bila kugeuka.

"Nimeipeleka."

"Afadhali. Yenyewe haina haya ya kusema."

Veneranda aliketi kando yake, akamweleza yote: nyuzi, miaka saba, sukari ya kwenye chai. Anselmo alisikiliza huku akichora vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Mwaka jana pia nilikuletea rosela," alisema mwishowe. "Ukaniambia imeshinda ya miaka yote."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Si nimekuuliza leo?"

Ndipo Veneranda akakumbuka neno alilolitoa mezani, na akaogopa. "Anse, nimekwambia usiing'oe mizabibu. Usinisikilize. Tafuta mtu mwingine aonje."

"Mizabibu nimeshaing'oa, dada. Mwaka wa pili huu."

Hakupaza sauti. Alisema kwamba mwaka wa kwanza kati ya ile mitatu, pipa moja kati ya sita lilikuwa limeingia ukungu. Alilishuku, pua yake ilimwambia gunia lililolowa, ndiyo maana akachota chupa kutoka pipa lile akamletea dada yake.

"Ukasema mzuri. Nikajiambia pua yangu ndiyo mbovu, dada hawezi kukosea. Nikayachanganya mapipa yote sita, nikajaza chupa. Zikarudishwa zote. Msimu uliofuata mvinyo ulikuwa safi kabisa, lakini hakuna aliyetaka kuuonja, jina lilikuwa limeshanuka." Aliufuta mchoro wake kwa soli. "Ningeambiwa, ningemwaga pipa moja. Moja tu."

Veneranda alijifunika uso kwa viganja. Alilia bila kujizuia, na mdogo wake hakumzuia.

"Na bado ukaendelea kuja," alisema baadaye.

"Ningekuja na nini kingine? Pasaka moja nilikuja mikono mitupu, ukanijibu kwenye kipaza sauti cha lango kwamba una kazi. Nikaona bila chupa hunifungulii." Alisimama, akajipangusa suruali. "Nina rosela ya kuanika, dada. Acha niwahi."

Kesho yake asubuhi kulikuwa na kasha la pili la kujazia. Vivuli arobaini vilikuwa tayari, chupa ya kumi na mbili imeshafunguliwa, na Veneranda ameshika bilauri. Mwenye kasha, mama mmoja wa Zurich aliyeitwa Odile Varenne, akainua kidole chake cha nuru.

"Mwonjaji Mkuu, samahani. Kwenye kumbukumbu ya jana kuna kitu kinaitwa rosela. Tumekijadili sana hapa. Kinatoka shamba gani?"

Angeweza kudanganya. Kwa watu wale uongo wowote ungepita, na wangeagiza rosela kwa ndege. Veneranda aliiweka bilauri mezani.

"Kinatoka kwa mdogo wangu, mama, na si mvinyo. Nilikinywa nikakisifu kwamba ni mvinyo bora, kwa sababu sionji. Mwaka wa nne sasa sionji kitu chochote. Hata makasha yenu niliyoyathibitisha, sikuyaonja."

"Sasa mvinyo wetu," aliuliza mama Odile polepole, "nani amekuwa akiuonja?"

"Hakuna mtu."

Vivuli vikaanza kuzimika, kimoja kimoja, mpaka akabaki na Kionja, mkono wake wa chuma umeinuliwa ukisubiri chupa.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amefukuzwa kazi. Amri ya mwisho aliyopewa ilikuwa kuimwaga ile chupa iliyofunguliwa, kwa kuwa bila mwonjaji haikuwa na maana tena kwa mtu yeyote. Veneranda alirudisha kizibo kwa kiganja, akaiviringisha katika kitenge cha Anselmo, akaenda nayo Hombolo.

Pale palipokuwa na mizabibu ya baba yao palikuwa na mistari ya rosela. Anselmo alikuwa barazani akiyachambua maua yake mekundu juu ya mkeka. Alimwona dada yake, akasogea kumpisha nafasi. Veneranda alimimina mvinyo wa Vaulonne katika vikombe viwili vya bati.

"Onja wewe," alisema. "Halafu uniambie."

Anselmo alikizungusha kikombe mara tatu, kama baba yao alivyowafundisha. Akanusa. Akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda ambao hakuna mtu angeweza kuufanyia mazoezi.

"Zambarau?" aliuliza Veneranda.

"Zipo."

"Moshi?"

"Upo. Kwa mbali."

Veneranda alikunywa cha kwake. Baridi, majimaji, basi. Aliuliza swali la mwisho kwa sauti ndogo.

"Kama wa baba?"

Anselmo aliitazama mistari ya rosela mpaka mwisho wa shamba.

"Hapana," alisema. "Wa baba ulikuwa mzuri zaidi."

Alitamka vilevile kama Veneranda alivyokuwa akitamka, kwa upole, bila kusita. Veneranda alimtazama usoni, akaangalia ndani ya kikombe, akamtazama tena. Hakuwa na njia yoyote ya kujua kama ni kweli. Akakubali kwa kichwa, akasogeza kikombe ajaziwe.