Mafuta ya Cherehani kwenye Kioo cha Gari

Kila asubuhi Kidole na kaka yake walibeba mafurushi ya sare kutoka chumba cha cherehani mpaka kwenye gari. Mama yao alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za wanafunzi na kuzipeleka shuleni mwenyewe. Jina la Kidole alipewa na bibi, aliyechoka kumwona mjukuu wake akigusa kila kitu: pasi, redio, kitasa, hata meno ya bandia ya bibi mwenyewe.

Gari lenyewe sasa, jamani! Kidole alilidharau kuliko kitu chochote duniani. Aliliita Kopo. Rangi ilikuwa imebabuka, na likiwashwa lilikohoa kama mtu aliyepaliwa na chai. Akipelekwa nalo shuleni aliomba kushuka mbali na geti, eti ananyoosha miguu.

Siku hizo Kopo lilikuwa na ugonjwa mpya. Kioo cha mlango wa dereva kilipandishwa kwa swichi, lakini kilikuwa kizito ajabu. Mama akibonyeza, kioo kinapanda nusu, kinasimama kama kinapumua, halafu kinajikongoja tena. Mwisho mama alilazimika kukivuta kwa mkono huku akibonyeza.

"Bora konokono," Kidole akasema. "Konokono angalau anajua anakokwenda."

"Ingia garini unyamaze," mama akajibu. Kisha akamgeukia kaka. "Na wewe, si nilikwambia usichezee hiyo swichi?"

"Sijaichezea, mama. Haki ya Mungu!"

"Nani mwingine anakaa kiti hicho? Mpaka gari litengenezwe, usukani huugusi. Mtihani wako wa leseni utasubiri."

Kaka alinyong'onyea. Alikuwa amemaliza shule na alikuwa akijifunza udereva kwa gari hilohilo. Alishaahidiwa kazi ya kusambaza mikate, mradi apate leseni. Sasa kazi ilikuwa inaponyoka hivihivi, na yeye hajui kosa lake.

Kidole alijua. Mwanzoni kioo kilikuwa kizito kidogo tu. Mchana mmoja, mama akiwa ndani anapima wateja, Kidole alichukua chupa ya mafuta ya cherehani. Kwao, kitu kikilia au kikikaza, dawa ni hiyo. Cherehani inapiga kelele? Mafuta. Mkasi mgumu? Mafuta. Basi akamimina kwenye raba za pembeni, zile ambazo kioo hupita katikati yake kikipanda na kushuka. Siku ile kioo kiliteleza vizuri mno, akajiona bingwa wa dunia. Baada ya siku chache, kikawa kizito kuliko mwanzo.

Alitaka kusema. Lakini akajiwazia: mimi, niliyelicheka gari hili kila siku, leo nichekwe mimi? Thubutu! Akaufunga mdomo. Tena akamdharau kaka yake kimoyomoyo: kijana mzima, anashindwa hata kujitetea.

Jumamosi mama alimwita fundi magari. Alikuja na boksi lake la vifaa, mtu mnene mwenye jicho la kudharau, anayeangalia gari kama limemtukana.

"Fundi, mota ya kioo imekufa," mama akamwambia. "Toa, weka nyingine."

"Mama, mimi nikikuletea suruali yangu, nakuelekeza pa kukata?"

Mama alicheka, akarudi nyuma. Fundi akajaribu kioo injini ikiwa imezimwa, kikapanda kwa tabu. Akawasha injini, umeme uwe wa kutosha: bado tabu ileile. Akajaribu kioo cha mlango wa pili, kikapanda fyaa!

"Kumbe betri haina kosa," akanung'unika. "Tuingie tumboni."

Akafungua kava la mlango, akakitenganisha kioo na mota, akamwambia kaka abonyeze swichi. Mota ikazunguka inaimba.

"Mota nzima kuliko mimi," fundi akasema. "Mngeitupa bure." Halafu akakisukuma kioo kwa mkono. Kikakaza. Akapitisha kidole ndani ya raba, kikatoka na tope jeusi linalonata. Akalinusa. "Nani katia mafuta humu?"

Mama akamtazama kaka kwa jicho kali.

"Kwa hiyo ulilichezea, ukaniapia uongo juu yake! Basi habari ya leseni imekwisha. Sitaki kuisikia tena katika nyumba hii."

Kaka aligeuza uso. Machozi yalimlengalenga, mwanamume mzima. Dharau yote aliyokuwa nayo Kidole ikageuka, ikamrudia yeye mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Nilitia mafuta ya cherehani. Kaka hajui chochote."

Fundi akaangua kicheko kibaya, cha kukera. "Mafuta ya cherehani! Ungeongeza na uzi basi, kioo kishonwe kabisa! Sikiliza wewe. Cherehani ni chuma juu ya chuma. Hapa ni kioo na raba. Mafuta hayo yanaivimbisha raba, halafu kila vumbi linalopita linanasa humo. Ukapika tope."

Fundi akampa Kidole kazi: maji ya sabuni yenye uvuguvugu, kitambaa laini, na kijiti. Kidole akasugua raba zote mpaka kitambaa kikatoka safi, akazikausha. Kaka alisimama pembeni na kumwonyesha, "Bado hapo, bingwa. Na pale." Fundi akanyunyiza dawa ya silikoni, ambayo ni ya raba hasa, akarudisha kila kitu mahali pake. Mama akabonyeza swichi. Kioo kikapanda moja kwa moja mpaka juu, bila kusita.

Mama hakushangilia. Alimshika kaka bega. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla sijauliza vizuri. Jumatatu nenda kwenye mtihani wako, gari chukua."

"Asante, mama."

Kisha akamgeukia Kidole. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi.

"Kutia mafuta ulikosea kwa kutojua, na hilo limetoka kwa maji na sabuni. Kunyamaza ulikosea kwa kujua. Kaka yako alibeba kosa lako huku wewe unamwangalia. Hilo halina sabuni. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama utachekwa. Kicheko kinapita. Mtu uliyemwacha aonewe, maumivu yake hayapiti upesi."

"Na mimi ungeniambia mapema," fundi akadakia huku akifunga boksi lake, "nisingepoteza asubuhi yangu kuipima mota isiyo na kosa."

Kidole akamsogelea kaka yake. Macho yalitaka kukimbilia chini, akayalazimisha yamtazame usoni.

"Kaka, nilikuona unaumia nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Kaka akamtupia kitambaa kichafu.

"Kafue hicho kwanza," akasema. "Ukimaliza, njoo unikague nikifanya mazoezi ya kurudisha gari nyuma. Na ukiniona nakosea, sema hapohapo."