Bastola ya Anko Nazir

"Kanunue bastola," Silvanus alisema kwenye simu. "Lori linaingia Flemingdon Park saa tisa. Usitoke bila namba yake."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Almina, jasusi wa Idara ya Usalama aliyetumwa na Silvanus, mkuu wake, alibonyeza kengele ya stoo moja nyuma ya maduka ya Scarborough, Toronto. Lori lile lilikuwa na bastola mpya arobaini, magendo ya ng'ambo ya mpaka. Bastola ya mzigo uliotangulia ilimwua Aurore, mtoto wa miaka tisa, akisubiri basi na mama yake.

Mwenye mzigo alimfungulia mwenyewe. Nazir, daktari wa meno mstaafu, mzee mpole machoni pa watu, alificha biashara hiyo nyuma ya mkusanyo wake wa silaha za kale.

Almina alijifanya mgeni wa mambo hayo, anatafuta bastola yake ya kwanza ya kijeshi. Mzee akafurahi. Akavaa glavu nyeupe, akachomoa magazini, akamwonyesha chemba tupu, ndipo akamkabidhi bastola aina ya Inglis ya mwaka 1944, iliyoundwa Toronto hii hii. Rangi yake ya kiwandani haikuwa na doa.

"Nikiisugua itang'aa, Anko?"

Nazir alishtuka utadhani ametukaniwa mama. Akamkanya kwamba silaha ya kale haisuguliwi. Ukiitoa rangi, umeiua.

Almina akachomoa bastola yake mwenyewe, Glock.

Akamfunga pingu kwenye bomba, akamwuliza namba ya lori. Mzee akacheka. Almina akamvunja kidole. Akamvunja cha pili. Nazir akatema mate, akasema bado anavyo vinane.

Saa nane na dakika arobaini na tano.

Mezani palikuwa na msasa wa kulainishia makasha ya mbao. Almina akauchukua, akaupitisha juu ya Inglis mara moja tu.

Nazir akatoa ukelele ambao vidole havikuutoa.

"Basi, mwanangu. Please. Nitasema."

Akasema yote: namba, rangi, jina la dereva. Almina akayarusha kwa redio. Dakika nane baadaye Silvanus akajibu.

"Tumelinasa. Zote arobaini."

Almina akaendelea kusugua.

"Si nimeshasema?" Nazir alilia.

"Umesema, Anko."

Alisugua mpaka chuma kikabaki cheupe. Alisikia raha, wala hakuona haya.

"Utaipeleka wapi?"

"Tanurini. Wanaiyeyusha Ijumaa." Akaitia mfukoni. "Nikuombee ruhusa uje kuiaga?"

Nazir akainamisha kichwa, akalia kama aliyefiwa. Almina akafunga zipu ya koti, akawafungulia polisi mlango, akaenda zake kutafuta chai.