Alikula Tonge la Mdogo Wangu, Kisha Akampakia Kwenye Lori

Nina miaka hamsini na mmoja, ni mama wa watoto watatu, na nauza mawese sokoni hapa Rumonge, kusini mwa Bujumbura. Ninayowasimulia yalinikuta nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitano, wakati wa vita. Miaka mingi nimenyamaza... Leo nimechoka kunyamaza.

Siku hizo nilikuwa mhamasishaji wa vijana. Wenyewe tulisema animatrisi, na jina hilo nilijivunia kupita kiasi! Kazi yangu ilikuwa kuwakutanisha wenye misaada, maana kila mmoja alivutia kwake. Parokia ilisaidia Wakristo, msikiti Waislamu, zahanati ilitibu wenye kitambulisho, na komini, yaani ofisi ya serikali ya hapa kwetu, ilitoa kitambulisho kwa wenyeji tu. Sasa kijana aliyekimbia mapigano kule Kizuka, au aliyevuka ziwa kutoka Kongo, aende wapi? Kila ofisi ilimsukumia kwa nyingine mpaka jioni inamkuta barabarani na njaa yake.

Nikaamua kuwakalisha wakubwa hao pamoja, tena kwa chakula. Sisi Waswahili wa Rumonge tunakula sinia moja. Kila Ijumaa mchana mama yangu alipika wali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa mawese, nami nikawakaribisha mkekani sista wa parokia, mwalimu wa madrasa, muuguzi wa zahanati na mtu wa komini. Wazee wa mtaa walinuna kuona mwanamke anakula na wanaume. Nikawaacha wanune!

Hapo mkekani tukazoea jambo moja. Nikitaja jina la kijana na shida yake, hakuna aliyegusa chakula mpaka mmoja wetu aseme, "Huyu wangu," amege tonge, ale. Akishalila, basi, kijana huyo atamhangaikia kama mtoto wa kumzaa. Na walihangaika kweli! Sista aliwatafutia viatu watoto wa Kiislamu, mwalimu wa madrasa akawafundisha kusoma watoto wa Kikristo. Vijana ambao ndugu zao walikuwa wanauana milimani walikaa nyuma ya nyumba yetu, wakishona nyavu na kutaniana. Nani asingejivunia?

Mtu wa komini aliitwa Saidi. Alikuwa mchumba wangu. Posa ilishaletwa, mama alishaikubali, na mimi nilimpenda mpaka nikawa mjinga. Alikuwa mpole, msafi, hapandishi sauti hata akiudhiwa.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu, Yasini, wa miaka kumi na saba. Baba alishafariki, na shule yake ilifungwa kwa sababu ya vita. Ijumaa moja nikalitaja jina lake pale mkekani. Sikuwahi kumaliza sentensi, Saidi alishamega tonge.

"Huyu wangu," alisema.

Mama alitabasamu mpaka machozi yakamtoka. Mkwe gani kama huyu?

Haikupita muda mrefu, Saidi akaleta habari njema. Kuna mafunzo ya ufundi wa injini za mitumbwi huko Nyanza-Lac, wanatakiwa vijana wenye afya. Mimi nikaruka kwa furaha! Nikaifanya kazi yangu vizuri kuliko siku zote. Muuguzi akawapima, sista akawapa blanketi na viatu imara, komini ikawapa vitambulisho, mwalimu wa madrasa akawaombea dua. Kwa mara ya kwanza ofisi zote zilikwenda pamoja, bila hata moja kuvuta nyuma...

Kuna akina mama waliosita. Nikawafuata nyumba kwa nyumba. "Hata Yasini wangu anakwenda," niliwaambia. Wakatulia.

Lori lilikuja asubuhi. Yasini alipanda akicheka, akanipigia kelele kutoka juu, "Da Mwaju! Ijumaa muniwekee ukoko!" Tangu utotoni alikuwa anagombania ukoko wa sufuria. Nikamwambia hata sufuria nzima atapata.

Kesho yake, nikiwa sokoni, akaja mama mmoja anayeanika ndagala Gitaza, tunafahamiana.

"Amahoro, dada," akanisalimu. "Batoto yako banajifunza kazi gani? Jana tuliona kamyo yao kwetu Gitaza. Iko na batu ya bunduki juu."

Nikamjibu kwamba amefananisha lori, wangu wamekwenda Nyanza-Lac.

"Eh! Nyanza-Lac imehamia kwetu?"

Alidhani ni utani. Gitaza iko kaskazini, njia ya Bujumbura. Nyanza-Lac iko kusini! Lori langu lilikuwa limegeuza, na watoto wa watu ndani...

Nilikimbia mpaka komini na vumbi langu, nikamkuta Saidi mezani kwake. Hakukana. Laiti angekana!

"Wenye bunduki walinitaka nilete vijana wa kupigana, ao niende miye mwenyewe," alisema polepole. "We ungefanya nini, Mwajuma?"

Nikamuuliza, na Yasini je? Yasini, ambaye tonge lake alilila mbele ya mama yangu?

Akainamisha kichwa. "Kama Yasini hangekuwamo, nani angekuamini?"

Jamani! Mtu niliyekuwa nahesabu siku za ndoa naye! Sikulia. Nilimtemea mate mezani nikatoka.

Saidi akahamia Bujumbura, na nikasikia ameoa. Mimi ndiye niliyebaki na mtaa. Ijumaa iliyofuata akina mama wale walikuja saa ya chakula, wakakaa kwenye mkeka wangu, wakaniangalia. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenipiga! Parokia ikarudi kwa watu wake, msikiti kwa watu wake. Vijana waliobaki wakiniona walivuka barabara.

Vita vilipotulia, wengine hawakurudi. Yasini alirudi. Mama akapika, akaandaa sinia na ukoko pembeni. Yasini akachukua sahani, akajipakulia, akaenda kula peke yake, mgongo ukutani, macho mlangoni. Anakula hivyo mpaka leo.

Mara moja tu alinisimulia kuhusu siku ile. Lori lilipogeuza, wenzake walianza kulia, naye ndiye aliyewatuliza. "Niliwaambia, shemeji amekula tonge langu, hawezi kutupoteza." Basi.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaosimama kati ya ofisi na watoto wa watu, nawaomba! Msimkabidhi mtu kijana kwa sababu ni mpole, au kwa sababu amekula nanyi. Ulizeni lori linakwenda wapi. Tena pandeni, mfike nalo, mwone hiyo karakana kwa macho yenu. Mimi sikupanda. Nilibaki napunga mkono.

Mama amefariki. Siku hizi wali wa Ijumaa napika mimi. Nikipakua, namkwangulia Yasini ukoko, namwekea dirishani, kisha naondoka ili aje auchukue.