Anwani ya Mjomba Olal

Kila siku ya shule Acayo aliamka saa kumi na moja alfajiri, akabandika chai jikoni, kisha akamwamsha mdogo wake Juliet. Nyumba yao ilikuwa Seeta, nje ya Kampala. Shule yao ilikuwa jijini, juu ya kilima cha Mbuya. Walipokuwa wakifunga kamba za viatu, mama yao aliwauliza swali lilelile la kila asubuhi.

"Mwalimu akiuliza mnaishi wapi?"

"Kwa mjomba Olal, kambini Mbuya," walijibu pamoja.

Mjomba Olal alikuwa mwanajeshi katika kambi ya jeshi iliyokuwa kilimani hapohapo. Shule ile ya serikali ilisifika kwa matokeo mazuri, na kwa kuwa madawati yalikuwa machache, kamati yake iliamua kuwapokea kwanza watoto wanaoishi kilimani. Kwa hiyo, miaka miwili iliyopita, mke wa mjomba alikwenda kuwaandikisha wasichana hao wawili kama watoto wa nyumbani kwake. Aliandika anwani yake na namba yake ya simu. Penye swali la afya, alijaza kwamba wote ni wazima.

Juliet hakuwa mzima. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mara kwa mara humletea mtu maumivu makali ya mifupa na viungo. Acayo, aliyekuwa na miaka kumi na mbili, alijua hivyo. Shuleni hakuna aliyejua, maana nyumbani walihofia angekataliwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne mvua iliwakuta njiani. Walifika shuleni sweta zimelowa, na Juliet alikuwa akitetemeka. Kabla ya saa nne Mwalimu Abubaker alisimama mlangoni mwa darasa la sita.

"Acayo, njoo. Mdogo wako anaumwa."

Juliet alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha wagonjwa, amejikunja, ameshika magoti. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu. Nesi wa shule alikuwa akimpima joto.

"Yaonekana ni malaria," nesi alisema. "Nimwanzishie dawa."

"Si malaria, sista," Acayo alisema upesi. "Ni selimundu."

Nesi aligeuka. "Mbona haikuandikwa? Huwa anatumia dawa gani?"

"Anameza vidonge kila siku, lakini majina yake siyajui. Na kuna dawa moja ya maumivu ambayo hatakiwi kupewa. Mwaka juzi alidungwa, akavimba uso, akashindwa kupumua. Jina lake limeandikwa kwenye kadi ya kliniki."

"Kadi iko wapi?"

"Mama anayo."

"Na mama yuko wapi?"

Acayo alitazama chini. Alijua namba ya mama yake kwa kichwa, tarakimu zote kumi. Lakini akilini aliziona pia sare zao zikirudishwa sandukuni, na mama akilia kwa sababu yake. Namba hiyo hakuitaja.

Mwalimu Abubaker aliipiga namba iliyokuwa kwenye fomu. Simu ilikuwa imezimwa. "Kambi si mbali," alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

Acayo alimwona akitoka getini kwa miguu, mvua bado ikinyesha, akienda kumtafuta mama mahali ambapo hakuwepo. Alitaka kumwita. Hakumwita.

Nesi alimpa Juliet maji ya vuguvugu, akamfunika blanketi mbili. Zaidi ya hapo aliogopa kufanya lolote. "Siwezi kubahatisha dawa," alisema. "Hata nikimpeleka hospitali, watauliza nilivyouliza mimi."

Mapumziko yalipofika, Victoire, rafiki yake Acayo, alikuja chumba cha wagonjwa na kikombe cha uji. Victoire alikuwa binti wa wafanyabiashara waliotoka Kongo, na aliishi hapohapo Mbuya.

"Mbona una hofu hivyo, Acayo?"

"Mwalimu hatampata mama," Acayo alinong'ona. "Hatuishi kambini. Tunaishi Seeta. Nikisema, watatufukuza."

Victoire aliweka kikombe chini. "Nani mwingine anajua hiyo dawa mbaya?"

"Hakuna."

"Basi mimi sioni unangoja nini."

Wakati huo Mwalimu Abubaker aliingia, suruali imejaa matope mpaka magotini. Mlinzi wa kambi alikuwa amemwambia kwamba Olal yuko kazini mbali, na mkewe amekwenda mazikoni Kitgum. Saa nzima ilikuwa imepita. Juliet sasa alikuwa akipumua kwa shida, na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mwalimu," Acayo alisema, "tulidanganya. Kwetu ni Seeta. Naomba simu yako."

 Mwalimu alimpa simu. Mama alipokea mara moja, na Acayo alipomweleza, ilisikika sauti ya droo ikivutwa. Mama alisoma kadi herufi kwa herufi, nesi akiandika. Nesi alipofika kwenye jina la dawa iliyokatazwa, kalamu ilisimama.

"Hii ndiyo ninayo kabatini," alisema taratibu. "Ndiyo ningempa kwa maumivu."

Gari la shule lilimpeleka Juliet hospitali pamoja na karatasi ile. Mama aliwakuta huko, amekuja kwa bodaboda, amelowa chapachapa. Jioni maumivu yalikuwa yamepungua, na Juliet akaomba chakula.

Siku tatu baadaye mama na Acayo walikaa mbele ya mwalimu mkuu. Mama aliomba radhi akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama Acayo, naelewa kwa nini ulitaka watoto wako wasome hapa," mwalimu mkuu alisema. "Lakini mwaka huu nimewarudisha watoto kumi na wanne wa kilimani hapa kwa kukosa madawati. Madawati mawili yalikaliwa na watoto wako."

Acayo hakuwa amewahi kuwafikiria watoto hao. Aliona aibu.

Kamati iliamua kwamba Acayo abaki mpaka amalize darasa la saba, kwa fomu mpya yenye ukweli. Juliet angehamia shule ya Seeta muhula ukiisha, karibu na nyumbani na karibu na kliniki yake, mahali asipohitaji kusafiri kwenye baridi alfajiri.

Siku hiyo, kabla ya usiku kuingia, waliketi wote watatu nyumbani kitandani kwa Juliet, jua la jioni likiingia dirishani. Juliet alinuna kidogo kwa kuachana na marafiki zake. Acayo alikuwa na neno lililomsumbua tangu siku ile.

"Mama, nilingoja saa nzima. Je, kama angekufa?"

Mama alimshika mkono. "Ulingoja kwa sababu mimi nilikufundisha kila asubuhi. Kosa hilo ni langu, usilibebe wewe. Nilitaka mpate shule nzuri. Sikuona kwamba walimu wasiojua mnatoka wapi wala mnaumwa nini hawawezi kuwalinda, hata wakiwapenda namna gani. Kuanzia leo, mtu mzima akikwambia ficha jambo, hata kama ni mimi, na ukiona mwenzako anaumia kwa siri hiyo, sema. Usingoje ruhusa yangu."

"Hata ukikasirika?"

"Hata nikikasirika," mama alisema. "Nitakasirika leo, kesho nitakushukuru."