Kikuku Kilichonusa Orpul

Kipanga, ndege-mashine ya magereza, kilishuka kutoka angani bila hodi, kikatua katikati ya wanaume waliokuwa wakila nyama porini, kikakunjua mikono yake sita na kumnyanyua mmoja wao akiwa bado ameshika kibuyu cha supu. Kilifanya kazi hiyo kwa adabu zote. Kilimjulisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaasai chenye lafudhi ya mtu aliyejifunza kazini, kwamba yeye ndiye Kisioki, kwamba kikuku chake kimenusa pombe mwilini mwake, na kwamba sasa anarudishwa mahabusu. Kikamfunga mkanda wa usalama. Kikamtakia safari njema.

Sinyati aliyaona hayo yote kwenye ukuta wa picha ofisini kwake, katika mji wa Endoinyo, andazi likiwa limesimama nusu ya safari kuelekea mdomoni. Yeye ndiye mhandisi aliyeiunda pua ya vikuku vile. Kila mfungwa aliyetolewa mapema kwa sharti la kutokunywa alivalishwa kikuku mguuni, na ndani ya kikuku mlikuwa na pua ndogo kama punje ya mtama iliyonusa jasho lake usiku na mchana. Ikinusa pombe, kipanga kinaruka. Hakuna polisi wa kuhongwa, hakuna mwenyekiti wa kijiji wa kubembelezwa. Sinyati alijivunia pua ile kuliko pua yake mwenyewe, ambayo kwa kweli haikuwa ya kujivunia sana.

Asubuhi ya pili mama yake Kisioki akaingia ofisini bila kupanga foleni, shanga zikimlia shingoni. Wote walimwita Yeyo, yaani mama, na hakuna aliyethubutu kumwambia foleni inaanzia wapi. Akaeleza kisa tangu mwanzo. Ni kweli mwanawe alifungwa kwa haki. Alilewa, akalivunja kwa fimbo roboti la kugawa maji ya kisima lililowanyima ng'ombe wake maji kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Hilo hakulipinga, ingawa alitaka ieleweke kwamba roboti lenyewe lilikuwa na kiburi. Lakini gerezani kijana aliambukizwa kifua kikuu. Alirudi nyumbani mwembamba kama mwiko. Dawa za zahanati alikuwa akizimeza bila kuruka hata siku moja, na muuguzi alipomwambia ale vizuri ili mwili urudi, wenzake wa rika wakachinja dume na kumpeleka orpul.

"Unajua orpul, au mjini wamekusahaulisha?" Yeyo aliuliza.

Sinyati alijua. Ni kambi ya kujitibu: wanaume wanaondoka na ng'ombe wao, wanakaa porini, wanakula nyama na mafuta na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi mpaka afya irudi. Pombe haiingii huko. Wala ugali hauingii.

Hapo ndipo alipoliweka chini andazi la asubuhi hiyo. Wala ugali hauingii.

Mwili usiopata wanga, yaani ugali, wali, viazi na jamaa zao wote, huanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Moshi wa moto huo unaitwa asetoni. Unatoka kwa pumzi na kwa jasho, na sehemu yake hugeuka ndani ya mwili ikawa aina ya alkoholi ambayo mtu hakuinywa popote. Pua ya Sinyati ilijaribiwa kwa wanafunzi wa chuo waliokula chipsi asubuhi, chipsi mchana, na jioni wakabadilisha kidogo kwa kuongeza yai. Katika majaribio yote hakuna aliyewahi kumvalisha mtu anayeishi kwa nyama tupu.

Mahakamani Wakili Tindwa, aliyesimama kwa niaba ya dola, alimsikiliza Sinyati akieleza hayo kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri basi. Alisema nadharia ni tamu, ila mashahidi wa kambini ni marafiki wa mshitakiwa, na marafiki huapa lolote. Kisioki alisimama kizimbani akikohoa ndani ya kitambaa. Alikuwa amewekwa chumba kimoja na watu kumi na wawili, dirisha moja, na daktari wa mahabusu alikuwa ameshaandika kwamba kifua chake hakitahimili kifungo kingine. Hakimu Lugome, mwanamke mwenye miwani mizito na maneno machache, akauliza kama kuna uthibitisho.

"Nivalisheni mimi," Sinyati akasema.

Kwa kuwa yeye ni mwanamke na morani hawali nyama mbele ya wanawake, hakuweza kwenda orpul. Basi akaileta orpul mahakamani. Akavalishwa kikuku, akahamia kwenye chumba cha mashahidi chini ya kamera nne, asije mtu akasema alijificha na chupa. Yeyo akamletea nyama ya mbuzi, mafuta na supu chungu ya mizizi. Wenzake wa ofisini, kwa roho zao mbaya za kawaida, walikuja kula chipsi nje ya dirisha na kumpungia mkono.

"Unatafuna kama mtu anayeogopa kuamsha meno," Yeyo alimtania. "Mume utampata wapi, na hata paja la mbuzi linakushinda?"

"Nitaolewa na kuku, Yeyo."

Siku ya shauri ikafika. Ukumbi ukajaa, na shauri lilirushwa hewani hadi kwenye simu za vijijini. Sinyati akasimama, akanyoosha mguu wenye kikuku, watu wakasubiri. Kikuku kikakaa kimya. Wakasubiri tena. Wakili Tindwa akasema kwa upole kwamba pua ya mhandisi inaonekana kuwa bora kuliko mhandisi mwenyewe, na ukumbi ukacheka.

Sinyati hakuelewa. Hesabu zake zilikuwa sawa. Alipogeuka kumtazama Yeyo, yule mama alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Nje, kwenye korido, Yeyo alikiri kwa sauti ndogo kabisa. Alimwonea huruma. Mtoto wa mjini, mifupa kama ya njiwa, anakunywa supu huku machozi yanamtoka. Basi kila jioni alikuwa akiikorogea ile supu unga wa mahindi kidogo, iwe laini.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha mama," Yeyo akasema, na Sinyati akajua ni bakuli zima.

Hakumkaripia. Alirudi ndani, akamweleza Hakimu Lugome ukweli wote hata wa unga, akaomba muda wa kuanza upya. Wakili Tindwa akapinga. Hakimu akamtazama Kisioki, ambaye sasa alikuwa ameketi kwa sababu miguu ilimkataa, akatoa juma moja na akasema hakuna jingine baada ya hilo.

Juma hilo Yeyo hakuleta chakula tu, alilala mlangoni. Alimnyang'anya mfagizi pipi iliyokuwa mfukoni. Aliwafukuza walaji wa chipsi kwa fimbo. Sinyati aliumwa kichwa, akakonda, akanusa pumzi yake mwenyewe na kukuta inanukia kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Akatabasamu peke yake kama kichaa mbele ya kamera nne, akaomba mafuta mengine.

Shauri liliposomwa tena, Wakili Tindwa alikuwa ameshafungua mdomo kusema jambo la kuchekesha. Kikuku kikawaka chekundu. Paa la ukumbi likafunguka kama lilivyoundwa, kipanga kikashuka juu ya meza za mawakili, karatasi zikaruka, na mikono sita ikamnyanyua Sinyati kutoka kizimbani. Kikamjulisha kwa lugha mbili kwamba amelewa.

Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa ameitwa kwa ajili hiyo, akamtoa damu pale pale akiwa ananing'inia, akaipima mbele ya hakimu. Pombe ya kunywa haikuwamo hata tone.

Hakimu Lugome aliivua miwani yake. Akaamuru Kisioki aachiwe saa hiyo hiyo, apelekwe hospitali na si mahabusu. Yeyo hakupiga vigelegele. Alimshika mwanawe mkono, akaubonyeza kifundoni kama anayepima kama bado ana nyama, akasema waende.

Watu walikuwa wameanza kuinuka pale mwanamke mmoja aliposimama nyuma kabisa. Alisema ametoka Ngusero ya juu, amelisikia shauri la kwanza kwenye simu na akatembea kuja. Hakupandisha sauti.

"Wangu aliitwa Lengai. Kipanga kilimchukua kutoka orpul mwaka jana, alikokwenda kutibu mguu. Alituambia hakunywa. Baba yake akamwambia kikuku hakisemi uongo, asituaibishe, akiri. Akakiri ili baba yake anyamaze, akarudishwa gerezani, hakutoka hai. Tulimzika wakati wa mvua."

Sinyati, akiwa bado mikononi mwa mashine, alihisi jasho lake lile lile likimtiririka mgongoni, na pua ndogo mguuni ikiendelea kulinusa kwa bidii.

Wakili Tindwa, safari hii bila utani, alisema kwamba hilo ni shauri jingine, kwamba Lengai alikiri mwenyewe, na kwamba marehemu hana namna ya kutoa ushahidi. Fundi wa mahakama akamkaribia Sinyati na kifaa cha kufungulia mikanda.

"Acha kwanza," Sinyati alimwambia. Kisha akamgeukia hakimu. "Ushahidi wake ninao mimi mwilini, mheshimiwa, na ukinipa ugali utapotea. Naomba nisifunguliwe mpaka shauri la Lengai litajwe."

Hakimu Lugome akairudisha miwani usoni. Akawaambia waliosimama wakae, na akamwomba mama yake Lengai asogee mbele.