Chupa Kumi na Nane za Nzi

Soko la matunda lilikuwa limefurika asubuhi ile, na wapenzi hawa wawili walianza kwa kurushiana maneno. Mtafiti, ndani ya gauni la kijani na raba nyeupe, alikuwa akichagua ndizi zilizopondeka. Fundi friji aliyesimama kando yake, ovaroli yake ya bluu imepigwa pasi utadhani anakwenda harusini, akacheka waziwazi.

“Dada, hizo hata mbuzi atakataa.”

“Si za mbuzi, ni za nzi wangu. Una swali lingine?”

“Ninalo. Nzi wako wanakula saa ngapi, nije niwasalimie?”

Mtafiti akacheka bila kupenda. Miezi mitatu baadaye Fundi alikuwa akimwita Mama Nzi, naye akimwita Fundi wangu, na simu zao hazikupoa mchana kutwa.

Ndipo kabati la ubaridi katika maabara ya Mtafiti lilipoharibika. Ndani mlikuwa na chupa kumi na nane za nzi wa matunda, ukoo mmoja, ambao Mtafiti aliutengeneza kwa miaka mitatu kwa kuoanisha dume huyu na jike yule, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata nzi ambao neva zao hushindwa kupelekeana ujumbe zikipata joto. Tasnifu yake nzima ilisimama juu ya nzi hao, na baada ya wiki tatu watahini wangekuja kuwaona kwa macho yao. Akamwita mpenzi wake alitengeneze kabati, yeye akaenda kufundisha.

Fundi alilijaribu kabati kwa nyuzi joto thelathini na moja, chupa akazisahau ndani, akatoka kufuata waya garini. Aliporudi, nzi wote walikuwa chini, miguu juu. Hakupiga simu. Aliwamwaga kwenye ndoo ya dawa, akaosha chupa moja moja kwa sabuni, akazipanga vizuri ili mwenzake asione maiti. Mapenzi ya kumfichia mtu msiba wake mwenyewe, mimi siyataki hata kwa zawadi.

“Nzi wangu wako wapi?” Mtafiti aliuliza aliporudi.

“Mpenzi, kaa kwanza.”

“Sikai. Wako wapi?”

“Walikufa. Joto lilizidi. Nikaona nikusafishie, usije ukaumia.”

“Hawakufa!” Mtafiti alipiga meza hadi hadubini ikatikisika. “Walizimia! Joto likizidi neva haziambizani kitu, wanaanguka. Ukiwapoza dakika chache wanainuka. Hiyo ndiyo kazi yangu yote! Na simu ulikuwa nayo mfukoni!”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Hasira zako.”

“Basi leo utazijua. Toka!”

Siku nne Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: Nisamehe malkia wangu. Mtafiti akazidi kuchefuka. Malkia gani anaoshewa ufalme wake kwa sabuni?

Lilibaki tumaini moja. Mwenzake wa kazi aliyehamia mji mwingine alikuwa bado na chupa mbili za ukoo ule. Lakini kampuni za vifurushi zilikataa kubeba wadudu hai, na Mtafiti mwenyewe alikuwa akisimamia mitihani. Fundi alizipata habari hizo kwa mama yake Mtafiti, mwanamke asiyeweza kukaa na siri hata chai ikapoa, akapiga kwa simu ya mama huyo.

“Nitawafuata mimi.”

“Wewe? Nimkabidhi fisi bucha?”

“Baridi ndiyo kazi yangu, Mama Nzi.”

“Usiniite hivyo. Nenda. Kila saa unipigie uniambie kipimajoto kinasema nini. Ukikosa hata mara moja, usirudi.”

Fundi akaenda na boksi la barafu lenye kipimajoto. Kila saa alipiga, na kila saa Mtafiti alijibu “Sawa” kavu, akakata. Siku ya kurudi, saa saba mchana, simu ikalia kabla ya wakati wake.

“Thelathini. Wameanguka wote,” Fundi alihema. “Basi limeharibika. Boksi nililiacha juani nikisaidia kusukuma, barafu imeyeyuka. Kosa ni langu. Sijawagusa. Nifanye nini?”

Mtafiti alikuwa na matusi tayari mdomoni, ameyaandaa wiki nzima. Akayameza.

“Una maji?”

“Ya kunywa, chupa moja.”

“Lowesha shati, ulifunike nalo boksi, uliweke kivulini penye upepo. Usikate simu.”

Abiria walimcheka: mwanamume mzima, kifua wazi, anapepea boksi kwa gazeti. Dakika kumi wapenzi hao walisikilizana pumzi tu.

“Ishirini na sita… Mmoja amechezesha mguu. Wawili. Mama Nzi, wanapanda chupa!”

Mtafiti alilia nje ya chumba cha mtihani, akajikasirikia kwa kulia.

Kituoni alilipokea boksi kwanza, akalikagua, ndipo akamtazama aliyelileta, shati lake limejaa tope.

“Naomba nikuoe,” alisema Fundi hapohapo, katikati ya mizigo ya watu.

“Bado nimekasirika.”

“Najua.”

“Na nitakasirika mpaka chupa zirudi kumi na nane. Zikirudi, walete wajomba zako kwa mama. Utawaeleza mwenyewe ulichonifanyia, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka kitu.”

“Mjomba mkubwa atanichapa bakora.”

“Achape tu. Machozi nitakufuta mimi.”